Raba Ndogo, Roho za Watu: Tuliyojifunza kwa Gari Letu la Zamani

Karibuni Kanyangi. Tunawashukuru ninyi mliotoka hapa karibu, na ninyi mliovuka mto Athi kutoka upande wa Makueni. Wengi mmeliona gari letu pale chini ya mwembe na mmetuuliza, "Gari hili kuukuu linatembea kweli?" Linatembea, na likiwa na watu ndani. Lakini leo hatukusimama hapa kulisifu. Tunataka kuwaeleza juu ya kitu ambacho mtu akilitazama kwa mbali hakioni, yaani raba za milango na za vioo. Kwa sababu ya raba hizo tulikaribia kupoteza mtoto.

Gari lenyewe

Gari letu ni Peugeot 504 stesheni wagoni, ile yenye viti vya safu tatu. Wazee wanaikumbuka vizuri, maana kuna wakati ndiyo iliyokuwa teksi ya safari ndefu katika nchi hii. Gari la 504 lilitokea Ufaransa mwaka 1968, na stesheni wagoni ikafuata mwaka 1971. Hapa Kenya ziliunganishwa kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2004. Katika Safari Rally, 504 ilishinda mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na tena mwaka 1978 ikiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Hata kabla ya hapo, kaka yake 404 ilishinda mwaka 1966 na 1967 mikononi mwa Bert Shankland wa Tanzania. Kwa hiyo barabara zetu za vumbi na mchanga si ngeni kwake.

Sisi tulilinunua likiwa limekaa juu ya mawe kwa miaka mingi, kuku wanataga ndani. Injini ilikuwa nzima. Tuliweka pesa za merry-go-round, tukafanya harambee ndogo, tukalivuta mpaka nyumbani. Shabaha yetu ilikuwa mbili: kupeleka wagonjwa Kitui, na kupeleka ndengu na asali sokoni bila kusubiri gari la mtu mwingine.

Kosa letu la kwanza

Breki, magurudumu na betri zilipokwisha kutengenezwa, tulibaki na pesa kidogo. Mzee mmoja fundi wa jua kali alituambia, "Sasa badilisheni raba, zimekuwa kama mbao." Sisi tukamwona anatutafutia gharama. Wengi wetu tulitaka rangi, ili kikundi kionekane. Tulipiga kura, rangi ikashinda. Gari likapakwa rangi nyeupe, na jamani, hata zile raba za zamani zilipakwa rangi pamoja na bodi! Siku ile tulipiga picha, tukacheka, tukala mbuzi.

Hatusemi rangi ni mbaya. Huko Nairobi kuna shindano la magari ya zamani liitwalo Concours d'Elegance, ambalo lilianza mwaka 1970, na gari chafu haliwezi kushinda pale. Lakini sisi gari letu si la shindano. Ni la kubeba mama mjamzito usiku. Tulisahau tulilinunua kwa nini.

Safari ya mwezi wa Agosti

Agosti, mnajua vumbi letu. Siku moja tulikuwa tunampeleka mama mmoja hospitali. Alikaa mbele. Nyuma kabisa, kwenye viti vya safu ya tatu, kulikuwa na watu wazima wawili na mtoto wa miaka 6. Vumbi lilipozidi, dereva akasema tufunge vioo vyote. Tukafunga. Vumbi halikupungua, likawa linaingia kwa nyuma tu.

Baada ya muda mtoto akasema kichwa kinamuuma. Kisha akatapika. Kisha akalala. Tukasema, "Ni malaria hiyo, bahati njema tunaenda hospitali." Wale watu wazima wawili nao walikuwa na kichwa kizito, lakini hawakusema, walidhani ni jua.

Kilichotuokoa ni mchanga. Tulipofika kwenye mto mkavu, gari likazama. Milango yote ikafunguliwa, watu wakashuka kusukuma, na mtoto akalazwa kivulini. Mwanzoni hakuamka hata alipoitwa jina. Tuliogopa sana. Kisha polepole akafungua macho. Tulipofika hospitali, na yeye akapimwa, daktari akasikiliza habari yote halafu akauliza swali moja tu: "Gari lenu linaingiza moshi?"

Basi hapo ndipo tulipoanza shule.

Moshi unaingiaje kwa nyuma?

Sisi tulidhani moshi unaachwa nyuma, gari likienda mbele. Si hivyo. Gari linapokwenda mbio linasukuma hewa, na nyuma yake panabaki pengo. Hewa ya pembeni inakimbilia kujaza pengo hilo, ikivuta vumbi na moshi pamoja. Ndiyo sababu stesheni wagoni huchafuka kioo cha nyuma upesi kuliko vya pembeni. Ikiwa mlango wa nyuma una mwanya, moshi na vumbi huingia ndani.

Na moshi wa petroli una gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Unaweza kusikia harufu ya moshi au usisikie, na gesi hiyo bado ipo. Ikiingia mwilini inakaa katika damu mahali pa oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi usio wa kawaida. Ndiyo maana watu huifananisha na malaria au uchovu wa safari. Mkiona watu wawili au watatu ndani ya gari moja wanaumwa kichwa wakati mmoja, simamisheni gari. Tokeni wote mkapate hewa safi, kisha mpelekeni aliyezidiwa hospitali kwa gari lingine kama linapatikana. Likikosekana, fungueni vioo vyote vya milango, na mgonjwa akae mbele. Lakini mlango wa nyuma usiachwe wazi wakati gari linakwenda, maana hapo mnaukaribisha moshi.

Kabla ya raba, tazameni egzosi

Tuliporudi nyumbani tulimtafuta yule mzee fundi, tukamwomba msamaha. Hakutucheka. Alilala chini ya gari akatuonyesha tundu kwenye bomba la egzosi. Alituambia neno ambalo tunawapa ninyi kama lilivyo: raba ni ukuta wa pili, ukuta wa kwanza ni bomba zima. Bomba lililotoboka lishonwe au libadilishwe, na mdomo wake utokeze nje ya bodi. Kuweka raba mpya juu ya egzosi mbovu ni kujidanganya.

Jinsi ya kutafuta mwanya

Hakuna haja ya mashine. Sisi tulitumia njia nne.

Ya kwanza ni vumbi lenyewe. Baada ya safari, fungueni milango polepole. Mahali vumbi limechora mstari kupita juu ya raba, ndipo linapoingilia.

Ya pili ni karatasi. Wekeni kipande cha karatasi kwenye ukingo, fungeni mlango, kisha kivuteni. Kikishikwa imara, raba inafanya kazi. Kikitoka bure, hapo pana mwanya. Endeleeni hivyo kuzunguka mlango wote.

Ya tatu ni chaki. Pakeni chaki kwenye raba, fungeni na kufungua mlango. Chaki ikihamia kwenye bati mahali pote, ni sawa. Pasipo na chaki, raba haigusi.

Ya nne ni maji. Mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwage maji nje kidogo kidogo, akianzia chini kwenda juu. Mkianzia juu, maji yatateremka kila mahali na hamtajua yalipoingilia.

Na kabla ya kulaumu raba, shikeni mlango na kuuinua. Ukicheza, bawaba zimechoka, na mlango umeshuka. Mlango ulioshuka hauzibwi na raba yoyote. Tengenezeni bawaba kwanza.

Kununua raba: kosa letu la pili

Tulimtuma kijana wetu akanunue raba kwa kutaja jina la gari tu. Akarudi na raba ya duka fulani, mpya, nyeusi, inang'aa. Ilikuwa nene mno. Mlango wa nyuma ukakataa kufunga. Tulipoulazimisha, upande mmoja ulishikwa na upande wa pili ukaachwa wazi. Pesa zikapotea.

Tangu siku hiyo tunafanya hivi. Tunakata kipande cha raba ya zamani, urefu wa kidole, tunakwenda nacho dukani. Tunalinganisha umbo la mahali palipokatwa: unene, upana wa mfereji wake, na ule mdomo unaogusa mlango. Kipande hicho kitoke mahali ambapo raba haikulaliwa sana, maana iliyolaliwa imebonyea na itawadanganya. Tunaibonyeza ile mpya kwa kidole: lazima irudi upesi. Raba ikiinuka kwa uvivu au ikiwa na nyufa ndogo ukiikunja, iacheni, hata ikiwa bei ni rahisi. Kwa spea za gari la zamani, wengi huenda Kirinyaga Road, Nairobi. Lakini hata huko, nendeni na kipande mkononi.

Kwa urefu, msipime kwa macho. Zungusheni uzi kwenye mfereji wote, pamoja na kona, kisha nyosheni uzi na kuupima. Ongezeni kidogo ya kukata.

Kuondoa ya zamani na kusafisha

Msitupe raba ya zamani mpaka mpya imekaa. Hiyo ndiyo mwalimu wenu: inaonyesha upande upi unatazama nje na kiungo kilikuwa wapi. Siku hizi simu zina kamera, kwa hiyo pigeni picha kabla ya kuvuta.

Gundi ya zamani ikwanguliwe kwa kijiti cha mti mgumu. Bisibisi inakwaruza rangi, na mkwaruzo ndio mlango wa kutu. Mabaki ya gundi yafutwe kwa kitambaa chenye mafuta taa kidogo, kisha paoshwe kwa maji na sabuni mpaka mafuta yote yatoke, pakauke kabisa. Mkikuta kutu, msiifunike. Isugueni kwa msasa mpaka bati safi lionekane, pakeni rangi ya kuzuia kutu, na mwache ikauke vizuri. Sisi tulipotoa raba ya kioo cha mbele tulikuta kutu imekula bati chini ya ile rangi yetu nyeupe tuliyoipigia picha. Maji yalikuwa yanaingia kila mvua, yanakaa pale. Mngekuwapo mngetuonea huruma.

Kuweka raba ya mlango

Kwanza iwekeni bila gundi, mwone inavyokaa. Kiungo cha miisho miwili kiwe chini, katikati, mahali ambapo maji hayasimami juu yake. Anzieni hapo, zungukeni kwa kubonyeza kwa vidole.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo wengi hukosea: msiivute raba. Mtu akiivuta ili ifike, leo itafika, lakini baada ya wiki chache itarudi urefu wake, itatoka kwenye kona na miisho itaachana. Kwenye kona isukumeni ndani kidogo, iwe kama imebanwa. Mwishoni iacheni ndefu kwa nusu sentimita hivi, ikateni wima kwa kisu kikali, kisha ibaneni miisho ikutane na kuigundisha. Gundi iwe ya raba, na ipakwe nyembamba.

Fungeni mlango polepole. Ukiwa mgumu kidogo siku za kwanza, ni kawaida. Uacheni umefungwa usiku kucha ili raba ijue mahali pake. Ukiendelea kuwa mgumu sana, fundi asogeze kile kishikio cha loki. Msiupige mlango kwa nguvu, wala msipunguze raba kwa wembe.

Jambo lingine: chini ya milango kuna matundu madogo ya kutolea maji. Msiyazibe! Maji yanayopita kwenye kioo cha mlango hushuka ndani na kutokea hapo. Mkiziba, mlango utaoza kutoka ndani.

Kioo cha mbele: kazi ya kamba

Hii ni kazi ya watu watatu, na mmoja awe fundi aliyewahi kuifanya. Kioo kinalazwa juu ya blanketi, raba inavishwa kioo, kona kwanza. Kisha kamba laini ya nailoni inalazwa ndani ya mfereji wa raba utakaoshika bati, kuzunguka pande zote, na miisho yake inapishana chini katikati. Raba na ukingo wa bati vinapakwa maji ya sabuni.

Kioo kinainuliwa na kuwekwa mahali pake, miisho ya kamba ikiwa ndani ya gari. Mmoja anakaa ndani na kuvuta kamba polepole, wa nje anasukuma kioo kwa viganja mahali pale pale kamba inapotoka. Kamba ikitoka, mdomo wa raba unaruka juu ya bati na kulishika. Mkiona pamekwama, simameni. Kioo kikilazimishwa kinapasuka. Sisi kazi hii ilituchukua asubuhi nzima, na hatukuona aibu.

Ni sabuni, si mafuta

Vijana wetu walitaka kutumia mafuta ya injini ili raba iteleze. Mafuta ya injini, grisi, petroli na mafuta taa huharibu raba nyingi: huvimba, hulainika, kisha hukatika. Tumieni maji ya sabuni. Na kwa raba za breki, hili ni la kufa na kupona: zisioshwe kamwe kwa petroli wala kupakwa mafuta ya injini. Zioshwe na kulainishwa kwa mafuta ya breki tu, yaliyo safi. Raba ya breki ikivimba, breki zinaweza kung'ang'ania au kukataa kabisa.

Adui mwingine ni jua letu la Ukambani. Joto na mwanga wa jua hukausha raba. Ndiyo maana mnaliona gari letu chini ya mwembe. Kila mwezi tunafuta raba kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kwa sababu chembe za mchanga zikikaa pale zinaisaga kila mlango unapofungwa.

Tulipo sasa

Mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo ndizo tunazozitegemea zaidi huku, zilitukuta tayari. Tulipeleka magunia ya ndengu sokoni mvua ikinyesha, na sakafu ya gari ikabaki kavu. Yule mtoto aliyelala siku ile amepanda tena viti vya nyuma mara nyingi. Ila mama yake, kila akiingia, hupitisha mkono kwanza kwenye raba ya mlango wa nyuma, kuzunguka yote, bila kusema neno. Sisi humngojea amalize. Hakuna dereva wetu anayewasha gari kabla yake.

Tumeweka pia daftari. Kila mwisho wa mwezi wanachama wawili wanafanya jaribio la karatasi na kutia sahihi. Si lazima wawe mafundi. Mwezi mmoja walikuwa akina nyanya wawili, nao ndio waliogundua kona iliyoachia.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliupaka ufa rangi. Ninyi msifanye hivyo. Sasa twendeni pale mwembeni, kila mmoja aje na kipande chake cha karatasi.

Maswali ya kuzungumza kikundini

1. Katika mali ya kikundi chetu, ni kitu gani tulichokipaka rangi badala ya kukitengeneza?
2. Magari tunayopanda kwenda sokoni au hospitali, je, yana mwanya kwa nyuma? Nani atafanya jaribio la karatasi?
3. Watu wakiumwa kichwa pamoja ndani ya gari, tutafanya nini kwanza?
4. Je, tunawasikiliza wenye ujuzi kati yetu, au tunadhani wanatutafutia gharama?